Klipu ya Sekunde Kumi Haijengi Injini

Wasee, leo nitakosana na baadhi yenu, na ni sawa tu.

Ile video mnanitumia kila wiki, ya mse ameweka injini ndogo ya mvuke kwa meza, gurudumu linazunguka sekunde kumi, arbantone inapiga nyuma, na maandishi makubwa yanasema "nimeiunda kwa wikendi moja". Mimi siiamini, na nyinyi pia muache kuiamini. Injini inaweza kuwa ya kweli kabisa. Uongo uko kwa hiyo wikendi. Kuna masaa mengi yamekatwa hapo, na masaa yaliyokatwa ndiyo ufundi wenyewe.

Wacha nieleze kwa wale hawajawahi kushika tupa. Injini ambayo wengi huanza nayo ni ile ya silinda inayoyumba. Silinda imeshikwa na pini moja tu katikati, kwa hivyo krenki ikizunguka, silinda inainama kushoto, inainama kulia, kama mzee kwa mugithi. Ubavuni mwa silinda kuna tundu moja. Kile kibao cha chuma inachoegemea kina matundu mawili, moja la kuingiza mvuke na lingine la kuutoa. Silinda ikiinama huku, tundu lake linakutana na mvuke unaoingia, pistoni inasukumwa. Ikiinama kule, linakutana na njia ya kutokea, mvuke uliochoka unaenda zake. Basi. Hakuna vali nyingine. Hakuna betri, hakuna kompyuta.

Kwa karatasi hiyo kitu inakaa mchezo. Lakini zile nyuso mbili, ya silinda na ya kibao, zinasuguana kila mzunguko na mvuke haufai kupenya katikati yake. Zikiwa na kilima hata cha unene wa unywele, mvuke unavuja, presha inakufa, injini inatetemeka mara mbili na kunyamaza. Kwa hivyo unatafuta kipande cha kioo kinene, maana kioo ni tambarare kuliko meza yoyote kwenu. Unaweka msasa wa maji juu yake, tone la mafuta, unapaka uso wa silinda wino wa maka, halafu unausugua ukichora nambari nane. Unainua, unaangalia. Pale wino umetoka ndipo pameinuka. Pale umebaki ni bondeni. Unapaka tena, unasugua tena. Msasa wa 400, halafu 600, halafu 1000. Hiyo inaweza kula jioni nzima na hakuna cha kuona. Niliwahi kuiweka hapa bila kuikata, na nyinyi mlihama kabla ya dakika kuisha. Nilihesabu.

Halafu kuna pistoni, ambayo inafaa iteleze kwa silinda kwa uzito wake tu lakini ukiziba tundu kwa kidole igome kushuka. Kuna kingo zote zilizokatwa kwa msumeno, ambazo zina meno madogo ya chuma yanayokata vidole na kuanguka ndani ya injini yakaikwaruza. Kuna ekseli, ambayo ikipinda kidogo tu gurudumu linacheza kama baiskeli iliyogonga shimo. Wengi mkisikia kumalizia mnafikiria rangi. Rangi ni ya mwisho kabisa na ndiyo rahisi: toa mafuta yote, paka nyembamba mara mbili tatu, na usiguse zile nyuso zinazosuguana. Ukianza na rangi umepamba maiti.

Na sasa hapa ndipo hasira yangu iko hasa.

Mtu aliyeruka kusugua huwa na injini inayovuja. Injini inayovuja haizunguki na presha ndogo. Na kamera imeshawashwa. Atafanya nini? Ataongeza presha. Ndivyo tunafika kwa zile video zinazofundisha watoto wa shule kutengeneza boila ya mkebe wa dawa ya mbu, wameziba kwa ile risasi ya fundi wa redio, mishumaa inawaka chini, sura zao zote zimeinama juu ya meza ndio waone vizuri.

Hebu tupige hesabu. Maji yakigeuka mvuke kwa presha ya kawaida yanataka nafasi zaidi ya mara 1,600. Ukiyafungia yapate presha ya pauni 100 kwa inchi ya mraba, joto lake linafika karibu digrii 170. Risasi ya redio, ile ya bati na risasi, inaanza kuyeyuka kwa digrii 183, na inalegea kitambo kabla ya hapo. Hata presha ikiwa ndogo kuliko hiyo, maji yakiisha ndani moto ukiwa bado unawaka, hakuna tena kitu cha kupoza chuma. Mshono ukiachia ghafla, sehemu ya yale maji ya moto inageuka mvuke hapo hapo, yote kwa pamoja. Hiyo si kuvuja. Huo ni mlipuko kwa sebule ya vyumba viwili, mtoto ameketi mbele yake na simu mkononi.

Wanaojua hii kazi hawaichezei hivyo. Boila ndogo ya maana ni ya shaba nyekundu, imelehemiwa kwa vijiti vyenye fedha ambavyo haviyeyuki hadi joto lipite digrii 600. Ina vali ya usalama na ina geji. Na kabla ya kuiwasha mara ya kwanza unaijaza maji baridi hadi pomoni, bila hewa, unasukuma kwa pampu ya mkono hadi presha ifike mara mbili ya ile utatumia. Maji baridi hayabanwi kama hewa, kwa hivyo mshono ukikataa utaona tone tu, na hakuna mtu ataumia. Uingereza, ambako hobi hii ilipata jarida lake, Model Engineer, mwaka 1898, klabu hazikubali uwashe boila mbele ya watu kama haijapimwa na haina cheti. Si urembo wa kizungu. Ni kwamba wanataka kurudi nyumbani na macho yao.

Sasa mtasema, kwani wewe unataka tuache? Hapana. Nataka muanze na upepo. Mse wa panchari pale steji ana kompresa, mlipe kitu kidogo akupe upepo wa kujaribia, presha ya chini kabisa. Ama hata usiende kwake. Silinda inayoyumba iliyomaliziwa vizuri inazunguka kwa pumzi ya mdomo kupitia mrija. Hicho ndicho kipimo changu, na ndicho wenye klipu wanakikwepa. Ikizunguka kwa pumzi yako, umemaliza. Ikidai kompresa iunguruma mtaa mzima, rudi kwa kioo.

Kuna mmoja aliniandikia kwamba haya ni mambo ya wakoloni, mvuke ulikufa na gari moshi. Buda, hiyo simu uliandikia hiyo komenti uliichaji na nini? Sehemu kubwa ya stima ya nchi hii inatoka Olkaria, kule Naivasha, ambako uzalishaji ulianza 1981, na kinachozungusha mitambo ya Olkaria ni mvuke kutoka ardhini. Injini yangu ina pistoni na ile ina mapanga, lakini swali ni lile lile: mvuke unasukuma chuma, na ukipata pa kuvujia umepoteza kazi.

Na kuhusu wakoloni, ni kweli reli ilifika Nairobi 1899 na haikuletwa kwa ajili yetu. Lakini nenda Makumbusho ya Reli usimame kando ya Mount Gelai, nambari 5918. Tani zaidi ya 250, iliundwa Manchester na Beyer, Peacock miaka ya 1950. Manchester haikuwa ikitumwa kuja kuifungua kila ikichoka. Mafundi wa karakana za hapa ndio walizifungua hizo mashine, wakazisafisha, wakazirudisha njiani. Hakuna mtu aliwapiga video. Leo mtoto akisema anataka kuwa fundi, nyumbani wanauliza alifeli nini.

Na ile sababu ya "sina mashine ya kukereza" siikubali. Wengi wetu hatuna. Karakana yangu ni balkoni, jiliwa moja, tupa tatu, msumeno wa chuma na keekee ya kuazima, na jirani wa chini ananichukia. Kazi ya kukereza unachora kwa vipimo, unapeleka Kariobangi Light Industries, unaelewana bei na fundi, unasimama hapo uone anavyofanya. Shaba ya manjano iko kwa mifereji ya maji iliyozeeka na kufuli zilizokufa. (Kama kuna mtu anakuuzia shaba nyekundu bei ya kutupa usiku, muulize imetoka wapi. Transfoma ya mtaa mmoja ni giza la nyumba mia.) Mahali huwezi kukwepa ni muda. Huo hakuna mtu atakukerezea.

Kwa hivyo, nyinyi wenye wikendi moja, nawaita kwa majina yenu ya mtandaoni hapo chini kesho, mjiandae. Wekeni video moja isiyokatwa. Bila boila, bila kompresa, bila muziki. Mdomo, mrija, injini. Izunguke nusu dakika huku tukisikia sauti yake, halafu igeuzwe kwa kamera tuone ule uso wa silinda, tuone kama mikwaruzo inaenda upande mmoja ama imelala nambari nane.

Yangu naiweka Jumapili saa mbili usiku. Vaeni spika za masikio. Mkisikia inavuja, niambieni ni inapoinama kushoto au kulia.