Gari likitoa moshi, lipia fundi apime kwanza kabla ya kununua spea

Gari likianza kutoa moshi kila ukikanyaga mafuta kwa nguvu, wengi wetu tunaruka moja kwa moja hadi jibu la mwisho: injini imeisha. Fundi wa kwanza anasema ni nozeli. Wa pili anasema ni turbo. Wa tatu anajua mtu Kirinyaga Road anayeuza injini ya mtumba kutoka Japani. Kabla mwezi uishe doo zimeenda, na moshi bado uko.

Kwa kijana anayeendesha teksi ya apu kwa gari la mkopo, huu si mchezo. Kila siku gari likilala gereji, deni halilali.

Tunapenda kuwalaumu mafundi, na kweli wako wanaobahatisha. Lakini tuambiane ukweli. Wateja wengi hawataki kulipia kazi ya kupima. Mwambie mtu alipe elfu moja au mbili ili fundi akae na gari saa nzima akitafuta chanzo, atakwambia fundi huyo ni mwizi. Mtu huyo huyo atalipa elfu thelathini bila kuuliza, mradi aonyeshwe spea mpya kwenye boksi. Kama tunalipia spea pekee, fundi naye atauza spea. Unategemea nini?

Ilhali moshi wenyewe unasema mengi, na kuuangalia ni bure.

Moshi mweusi maana yake ni mafuta mengi kuliko hewa. Hapo usianze na nozeli. Anza na kichujio cha hewa, ambacho kwa vumbi letu huziba mapema kuliko kitabu cha gari kinavyosema. Kwa dizeli yenye turbo, kagua paipu za mpira zinazopeleka hewa kwenye injini. Ikipasuka moja, hewa inavuja kila ukikanyaga, gari linakosa nguvu, linapiga mluzi na kutapika moshi mweusi. Paipu ni bei ndogo sana ukilinganisha na turbo, na fundi makini huiona kwa macho. Kuna pia sensa ya kupima hewa, ambayo wakati mwingine huhitaji kusafishwa tu. Hayo yote yakiwa sawa, ndiyo sasa mzungumzie nozeli na pampu.

Kumbuka pia tunaendesha mlimani. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Limuru iko juu zaidi. Hewa huku ni nyepesi, kwa hivyo dizeli nzee isiyo na turbo itatoa moshi zaidi ikipanda kutoka Mai Mahiu kuliko ikiwa Mombasa.

Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Hapa wakati ndio muhimu. Ukitoka unapokanyaga mafuta, shuku ringi za pistoni, au turbo kama gari linayo. Ukitoka unapowasha asubuhi, au unapoondoka baada ya kukwama kwenye jam, shuku sili za valvu, ambazo kwa injini nyingi hubadilishwa bila kubomoa kila kitu. Ila kwanza chomoa kijiti cha oili. Kama oili imejazwa kupita alama, huenda tatizo ni hilo tu.

Moshi mweupe mwepesi asubuhi unaopotea injini ikipata joto ni mvuke, usiwe na presha. Ukiwa mzito, una harufu tamu, na maji ya redieta yanapungua, huenda gasketi ya silinda hedi imeungua. Ukifungua kifuniko cha oili ukakuta kitu kama chai ya maziwa, usiendeshe gari hilo hata hadi kona.

Baada ya macho kuna vipimo: kusoma kompyuta ya gari, kisha kupima kompresheni ya kila silinda. Fundi anayetaka kufungua injini kabla ya kupima kompresheni, muulize kwa heshima, "Boss, umejuaje?" Akikasirika, umepata jibu.

Maarifa haya yatakusaidia pia ukinunua gari. Kuna wauzaji humwaga oili nzito au dawa ili moshi wa buluu ujifiche siku chache. Fika asubuhi injini ikiwa baridi, uliwashe mwenyewe. Kisha liendeshe kwenye mlima, ukanyage vizuri, na rafiki awe nyuma akiangalia ekzosi.

Kuna wanaosema moshi si hoja, mradi gari linatembea. Wengine hukata kabisa kichujio cha moshi kwenye ekzosi, eti gari lipate nguvu. Hapo siwezi kuwaunga mkono. Mwaka 2012, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ilitangaza kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani. Wanaouvuta zaidi si wewe uliyefunga madirisha. Ni mama anayeuza mahindi kando ya barabara, mtu wa boda nyuma yako, na watoto wanaosubiri kuvuka waende shule. Kenya ina kanuni za ubora wa hewa tangu mwaka 2014, lakini matatu zinazofuka moshi mweusi bado zinapita mbele ya polisi kila siku.

Serikali ifanye kazi yake. Lakini yetu haihitaji kungoja. Mficha maradhi kilio kitamfichua, na injini nayo ni hivyo. Wiki hii mwambie mtu asimame nyuma ya ndinga yako ukikanyaga mafuta, akwambie rangi anayoiona. Kisha tafuta fundi, umlipe apime, na umlipe vizuri. Spea inunuliwe baada ya hapo.