Mazungumzo ya Nyumbani: Kitabu Kilichogeuka Picha



Mwezi uliopita naliahidi kuandika habari za kuwafundisha watoto kusoma kwa sauti, nami sijasahau. Lakini limetokea jambo nyumbani kwangu hapa Mwanga ambalo limeitangulia habari ile, basi mniwie radhi nilieleze kwanza.

Katika nyumba yetu kimo kitabu kimoja kikuukuu, Mashimo ya Mfalme Sulemani. Marehemu baba yangu alikipata shuleni, nacho kimepoteza jalada na kurasa mbili za mwanzo, hata kila akianzaye huanzia katikati ya sentensi. Mtungaji wake ni Mwingereza, Rider Haggard, aliyekaa miaka kadhaa Afrika ya Kusini, akakitoa kitabu chake London mwaka 1885. Aliyekitia katika Kiswahili, mwaka 1929, ni Frederick Johnson, yule yule aliyekuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki, na ambaye kamusi yake kubwa ilitoka mwaka 1939, mwenyewe akiwa amekwisha kufariki. Watu wengi wa Tanganyika, Kenya na Unguja walionja hadithi ndefu mara ya kwanza kwa kitabu hiki.

Mimi huwasomea watoto wangu wakati wa masika, chakula kikiisha kuliwa. Kila mmoja amejichagulia mtu wake. Kitindamimba humpenda Kapteni Good, kwa sababu ya meno yake ya bandia yaliyowatisha Wakukuana, na miguu yake mitupu. Binti yetu mkubwa humpenda Foulata, na kila tukifika pale anapokufa, yeye hutoka nje akijifanya anatazama chungu. Mwanangu wa pili, ambaye ana miaka 13 na maneno machache, ni mtu wa Umbopa: mtumishi anayechukua mizigo ya Wazungu njia nzima, kumbe ndiye mfalme wa haki wa nchi wanayoiendea.

Ni huyo aliyeniuliza usiku mmoja, “Baba, ufalme ni wa Umbopa. Mbona anayepigana na Twala ni Sir Henry?” Maana ndivyo ilivyo kitabuni: mnyang’anyi wa ufalme anakatwa kichwa na Mzungu, na mwenye haki amesimama kando anatazama. Nalimjibu ya kuwa mtungaji alikuwa Mwingereza na aliwaandikia Waingereza. Akanyamaza. Lakini mzazi hujua kunyamaza kwa mtoto aliyeridhika na kwa mtoto asiyeridhika.

Basi jirani yetu mmoja, mwalimu wa shule, alipata mashine ya kuonyesha picha ukutani, akaniambia ya kuwa anayo picha ya kitabu kile, iliyotengenezwa na Wamarekani ikatoka mwaka 1950. Mzee mmoja wa jumuiya yetu alipopata habari akanijia jioni. Akasema, “Mwalimu, wewe unayewafundisha watoto wetu sala, utakwenda kukaa nao gizani?” Nalimwonyesha heshima, nikamwambia, “Mzee wangu, njoo ukae karibu nami, na ukiona jambo lisilofaa unyanyue mkono, nami nitaifunga mashine.” Akaja. Mkono hakuunyanyua, ila kwa sababu nitakayoitaja.

Mwenye shida zaidi alikuwa mama yangu, bibi yao, mwenyeji wa Buha upande wa Kasulu, ambaye hakupata kusoma. Alisema, “Kitabu sikijui, na Kiingereza sikijui. Nitakwenda kutazama nini?” Nikaona ya kuwa neno hili limekaa moyoni mwake miaka mingi. Kila usiku tunaposoma, yeye huchambua mchele penye giza la mlango, nasi tumedhani anapenda kukaa pale. Hakwenda kwa hamu. Alikwenda kwa sababu umeme ulikuwa umekatika mtaani kwetu, naye hapendi kuachwa peke yake.

Tulitandika shuka nyeupe ukutani. Picha ikaanza na tembo kupigwa risasi, tena si mchezo: ni tembo wa kweli, naye anaanguka, na wenzake wanakuja kumwinua kwa pembe zao. Hapa ndipo yule mzee aliponyanyua mkono, na kitindamimba alikuwa amekwisha kujificha katika kanga ya mama yake. Tukasimamisha kidogo. Nasema wazi, wazazi: jambo hili sikulipenda, na mwenye watoto wadogo aanze mbele kidogo.

Halafu yakaanza malalamiko. Meno ya Good hayako! Sir Henry hayuko! Foulata hayuko kabisa, na binti yangu akakunja mikono kana kwamba ameibiwa. Mahali pao yuko bibi wa Kizungu, mke wa Curtis, anayemtafuta mumewe aliyepotea; na kitabuni, Quatermain mwenyewe asema ya kuwa hakuna mwanamke wa Kizungu katika habari yake. Bibi huyu akajikata nywele kwa mkasi porini, akaziosha, na mara zikawa zimepangika kama za bibi arusi. Mke wangu alicheka hata akashika ubavu. “Baba watoto,” akasema, “niulizie aliyemsuka.”

Lakini nchi zile, ndugu zangu! Hawakuzichora. Walikuja wenyewe na mitambo yao Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo, na walipotaka nchi ya Wakukuana wakaenda Ruanda, si mbali na sisi. Katika picha iliyotangulia, iliyotoka Uingereza mwaka 1937, Umbopa alikuwa Paul Robeson, yule mwimbaji Mweusi wa Marekani mwenye sauti nzito. Katika hii ya mwaka 1950, Umbopa ni mtu wa Ruanda aitwaye Siriaque, mrefu kama mlingoti, anayetembea polepole kama mtu asiye na deni kwa mtu yeyote.

Basi wasafiri walipofika nchi ya Umbopa, watu wake wakaanza kusema. Watoto wangu, ambao wote wanasoma Kiingereza, wakanigeukia; nami nikamgeukia mwalimu mwenye mashine; naye akatikisa kichwa. Ndipo tukasikia sauti ya mama yangu gizani, akicheka kidogo, na kusema, “Wanaamkiana tu.”

Kiha na lugha ya Ruanda ni ndugu wa tumbo moja, wasomaji wa huku mnajua. Mama hakushika kila neno, kwa kuwa picha ni ya zamani na sauti yake ina mikwaruzo, lakini alishika mengi. Mwanangu wa pili akaondoka mahali pake, akaenda kukaa miguuni pake. “Bibi, sasa asemaje? Na huyu je?” Naye akamwambia. Wengine wakasogeza viti. Hata yule mzee akasogeza chake.

Walipotoka wale wachezaji wa intore, wenye manyoya meupe kichwani, wakiruka na kukanyaga ardhi kwa pamoja, mama aliacha kueleza. Akatazama tu. Halafu akaniuliza kwa sauti ndogo, “Hawa wako wapi sasa?” Nikahesabu moyoni. Waliochezeshwa pale walikuwa vijana siku za Mwami Mutara Rudahigwa, aliyefariki mwaka 1959, na mwaka ule ule machafuko yakaanza, watu wakakimbia. Na ya mwaka 1994 hayahitaji mimi kuyasema. Nikamjibu, “Sijui, mama.” Akasema nyumbani kwao waliwalaza watu wa Urundi mwaka 1972, nao walikuwa na sauti kama hizo. Hakusema zaidi.

Kisha ikaja vita ya mwisho. Nalimtazama mwanangu kuliko nilivyoitazama shuka. Maana katika picha hii Sir Henry hayuko, na anayechukua mkuki na ngao akamkabili Twala ni Umbopa mwenyewe. Mtoto hakupiga kelele. Alishika kisigino cha bibi yake, akakikaza mpaka bibi akamwambia, “Niache, utanivunja.”

Njiani tukirudi palikuwa na mabishano. Binti yangu asema kitabu kinashinda, kwa sababu Foulata. Kitindamimba asema kitabu, kwa sababu meno. Mke wangu hasemi, bado anacheka nywele. Mwanangu wa pili asema picha inashinda kwa jambo moja, na katika mengine yote inashindwa. Nami naona hukumu yake ni ya haki kuliko yangu, kwa maana mimi nalikuwa nimekasirika kwa ajili ya tembo.

Jumapili usiku nalikitoa kitabu nisome. Mwanangu akanipokonya kwa adabu. Alichukua taa, akaenda mlangoni alipo bibi yake na ungo wake wa mchele, akaketi chini, akaanza tangu pale zilipokatika kurasa, katikati ya sentensi. Bibi akamkatiza, “Na mwanzo wake uko wapi?” Mtoto akamweleza kwa maneno yake mwenyewe, kwa Kiha kibovu, naye akawa anakisahihisha.