Vindege vya Mume si Mke Mwenza



Biharusi mmoja wa Jambiani ametuuliza: mume wake ana kabati zima la vindege vya chuma vya kukusanya, na mawifi wanamwambia avitoe ndani kwa sababu ni masanamu. Je, avitupe?

Sisi tunasema asivitupe. Masanamu yanayokatazwa ni ya viumbe vyenye roho, na ndege ya abiria haina roho. Tena tumkumbuke Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud, alikuwa na farasi wa kuchezea mwenye mbawa mbili za kitambaa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoambiwa habari za mbawa zile alicheka.

Wala si upuuzi. Vindege hivi hutengenezwa kwa zinki iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, kwa kipimo maalumu. Airbus A220-300 yenye jina la Zanzibar, iliyopokewa hapa Unguja mwaka 2021, ina urefu wa karibu mita 39. Kwa kipimo cha 1:400, haifiki sentimita 10. Inakaa kiganjani.

Lakini lipo neno. Vindege vizuri huagizwa nje, na bei yake si ya mchezo. Ikiwa mahari bado ina deni, au mke anaombwa pesa zake za mwani ili mchele ununuliwe huku kabati linaongezeka, hapo pana dhuluma. Mali ya mke ni ya mke, na kumtunza ni wajibu wa mume. Kosa halipo kwenye kindege, lipo kwenye haki iliyorukwa.

Na sisi tujitazame. Doti za kanga tusizozivaa na seti za vikombe visivyowahi kunywewa chai, nani anatuuliza?

Basi biharusi, kaa na mumeo mkubaliane mapema: kwanza matumizi ya nyumba, kisha kiasi gani kwa mwaka. Mwombe aweke kabati la kioo, maana upepo wetu wa bahari una chumvi, na magurudumu yale madogo mtoto anaweza kuyameza. Halafu muulize alianza na kindege kipi. Huenda ukamjua mumeo zaidi.

Allah azitilie baraka nyumba zetu. Amin.