Kuimba Wimbo wa Mwenzako

Juma hili hatutasema habari za vitabu wala za bustani ya shule. Twataka kuwasimulia habari ya wimbo mmoja ulioimbwa vizuri, nao ukatuaibisha.

Hapa Bwegera, katika uwanda wa Ruzizi, mwezi wa nane uliopita ilifungwa ndoa ya kijana mmoja mlimaji wa mpunga. Kijana huyo alikuwa amengoja miaka mitatu, kwa kuwa ng'ombe waliotakiwa na wakwe zake hawakutimia. Siku ya arusi vijana wa kwaya yetu, ambao sisi ndio tunaowafundisha, waliomba ruhusa ya kuimba «Malaika» uwanjani baada ya Misa. Tukawaruhusu. Walikuwa wameusikia katika simu zao jinsi ulivyoimbwa na kundi la Boney M., wakauchukua hivyo hivyo, tena wakauongezea mbio zao wenyewe, kwa kinanda cha umeme na ngoma mbili. Watu waliinuka kucheza, wazee kwa watoto. Mama mmoja alivua kitenge chake cha begani akakipeperusha. Sisi tulisimama kando tukijisifu moyoni. Jioni bwana arusi alikuja kutushukuru kwa adabu, na alipokwisha kushukuru alitwambia, pasipo hasira yo yote, kwamba tuliimba kama watu wenye ng'ombe.

Neno hilo halijatutoka mpaka leo.

Kwa maana «Malaika» ni wimbo wa namna gani? Fadhili William, mwana wa Kenya, aliutia katika santuri mwanzoni mwa miaka ya 1960, ukaenea Afrika ya Mashariki yote na kufika kwetu. Walitokea wengine waliodai kwamba wao ndio walioutunga kabla yake, mmoja wao Adam Salim wa Tanganyika, na watu wameshindana sana juu ya jambo hilo. Lakini juu ya maana yake hakuna ashindanaye. Kijana anampenda msichana, anataka kumwoa, naye hana mali. Basi, ni hayo tu. Na kwetu sisi mtu akisema kwamba hana mali ya kuolea, hakuna anayeuliza ni mali gani. Wote huwaona ng'ombe ambao hawamo zizini. Wimbo huo si wa kushangilia arusi. Ni wimbo wa mtu asiyejua kama arusi yake itakuwapo.

Mwaka 1965 Miriam Makeba wa Afrika ya Kusini alitoa santuri pamoja na Harry Belafonte wa Marekani, na wimbo huo umo ndani yake. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama ya ye yote kati yao. Hata hivyo, sikilizeni jinsi wanavyokwenda polepole, wala sauti moja haiifuniki nyingine. Tena sauti ya mwanamke inapoyachukua maneno ya mchumba maskini, twajiuliza kama labda yule msichana naye alikuwa akilia nyumbani kwao. Hilo halikuwamo katika wimbo wa kwanza. Limeongezwa, wala halikuharibu kitu.

Kundi la Boney M. liliutoa mwaka 1981 likautia mdundo wa dansi. Hatuwalaumu. Wengi wa waliocheza kwa wimbo huo huko Ulaya hawakuelewa hata neno moja. Lakini vijana wetu wa Bwegera, je? Wao waliyaelewa maneno yote, na mwenye arusi alikuwa amekaa mbele yao. Nasi tuliokuwa waalimu wao tulielewa zaidi.

Labda mtu atasema: Basi, wimbo usiguswe, uimbwe kama ulivyotoka kwa mwenyewe. Hapana. Hata njia hiyo tumeipita. Miaka kadhaa nyuma tuliwafundisha wanafunzi wimbo mmoja kwa kusikiliza kanda, tukawaagiza wasiache hata nukta moja. Wakatii. Siku ya kufunga shule, mbele ya wazazi wote, walipofika mwisho walianza kupunguza sauti kidogo kidogo, wakarudia maneno yale yale, chini zaidi, chini zaidi, mpaka midomo ikawa inachezacheza bila sauti. Maana katika kanda ndivyo fundi wa mitambo alivyoumaliza wimbo, kwa kuuzima taratibu. Wazazi walidhani watoto wameugua. Anayeiga kila kitu huiga hata kazi ya fundi.

Twapenda kuwakumbusha jambo lililotokea katika nchi yetu wenyewe. Mwaka 1958, huko Kamina katika Katanga, Padri Guido Haazen, Mfransiskani wa Ubelgiji, alikuwa na kwaya ya watoto na waalimu wao, iliyoitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Waliimba Misa iitwayo Missa Luba. Maneno yalikuwa ni yale yale ya Kilatini, lakini sauti na midundo ilitoka Kongo. Na Kyrie, ile sala ya kuomba huruma, waliiimba kwa namna gani? Kwa namna ya kasala, wimbo wa Waluba wa kuomboleza. Hawakutafuta ngoma inayopendeza zaidi. Walijiuliza kwanza kwamba mtu aombaye huruma hulia vipi katika nchi hii. Tunapoitafakari Kyrie ile, twaona wazi kosa letu la mwezi wa nane.

Tena Misa hiyo haikuandikwa kwanza katika karatasi. Waimbaji walijua njia, na katika njia hiyo kila mmoja alijitungia hatua zake palepale. Kwa hiyo mtu atakaye kuirudia ana shida: arudie nini? Mwaka 1990 kwaya ya Muungano ya Kenya, ikiongozwa na Boniface Mganga, iliitoa upya. Mahali pa sauti za watoto waliimba wanaume na wanawake wazima. Tumewahi kusikiliza zote mbili usiku mmoja, mpaka betri ikaisha. Ile ya Kamina ina upya wa watoto ambao hauwezi kuigwa na mtu mzima. Muungano hawakujaribu kuuiga, nasi twawasifu kwa hilo. Waliimba kwa vifua vyao wenyewe. (Mwenzetu mmoja mwalimu anasema Sanctus ya Muungano inashinda, tumekwisha kubishana naye mara nyingi, wala hatutamaliza hapa.)

Na yuko Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi akakulia Ubelgiji. Mwaka 2010, nchi yetu ilipotimiza miaka 50 ya uhuru, aliurudia wimbo «Indépendance Cha Cha», ambao Joseph Kabasele na African Jazz waliutoa mwaka 1960. Katika jina la wimbo wake alitia maneno ya Kiswahili, «Siku ya Baadaye». Kabasele aliimba furaha ya mwanzo; Baloji alichukua furaha ile ile akauliza tulipofika. Huyo alikuwa na sababu ya kuuchukua wimbo wa mwenzake. Ye yote asiye na la kuuliza wala la kuongeza, heri atuchezee santuri yenyewe.

Sasa mdogo wake yule bwana arusi naye anaoa, Jumamosi ijayo. Amekuja mwenyewe kutuomba «Malaika». Ng'ombe zake nazo hazijatimia. Wakwe wamekubali kungoja. Juzi kwenye mazoezi tulimwondoa mpiga kinanda, tukabakiza gitaa moja, na shairi la kwanza tumempa kijana mmoja wa sauti ya pili ambaye kila mtu hapa ajua kwa nini hajaoa. Alikataa siku mbili, siku ya tatu akaja. Mpiga ngoma alituuliza zamu yake ni lini. Tukamwambia angoje mpaka shairi la pili, tena apige kwa vidole tu. Hakufurahi, lakini ngoma yake ameileta.