Kamera Nayo Ipige Hodi

Nyumba njema si mlango, walisema wazee wetu, na maana yake ni kwamba uzuri wa nyumba haujulikani mpaka mtu akaribishwe ndani. Lakini siku hizi mtu huweza kuingia ndani pasi na kukaribishwa, wala hakuvua viatu, wala hakuondoka kitini kwake huko London au Maskati. Hiyo ndiyo ziara ya mtandaoni. Mpiga picha huiweka kamera katikati ya chumba, ikapiga mbele na nyuma, juu na chini. Kisha picha za chumba hiki huungwa na za chumba cha pili, hata mtazamaji akaweza kuizunguka nyumba nzima kwa ncha ya kidole chake.

Shughuli hii ilishika kasi mwaka 2020, maradhi ya Korona yalipofunga viwanja vya ndege na milango ya makumbusho, na hadi leo haijapoa. Pwani yetu haiwezi kujitenga nayo. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, Ngome ya Mombasa ikafuata mwaka 2011, na Gede mwaka 2024. Dunia yataka kutuona. Wako wasemao kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na kwa hivyo nyumba zetu na zikae kimya. Mimi siafikiani nao. Mzee asiyeweza tena kupanda ngazi, mtoto wa shule aliye bara, na kijana wa Kiamu aliyezaliwa Ughaibuni, wote wana haki ya kuona walikotoka.

Ninalolisemea leo ni matayarisho. Aghlabu watu hudhani kwamba kutayarisha mahali kwa picha kama hizi ni kufagia na kupanga mito. Kufagia ni lazima, lakini la kwanza ni hodi. Sura ya An-Nur, aya ya 27, imetufunza kwamba nyumba isiyo yetu haiingiwi mpaka tuombe ruhusa na tuwatolee salamu wenyewe. Mtazamaji wa mtandaoni hawezi kupiga hodi. Basi anayeitayarisha nyumba ndiye anayempigia, mara moja, kwa niaba ya maelfu watakaoingia.

Hebu tuitazame nyumba ya mawe ya Lamu ilivyojengwa. Nje pana daka na baraza zake, ambapo mgeni wa kupita hukaa, akazungumza, akanywa kahawa. Ukivuka mlango waingia tekani, na hapo njia hupinda. Haikupindwa bure: imepindwa ili apitaye mtaani asipate kuona kiwandani hata mlango ukiwa wazi. Kisha ziko sebule za kupokelea wageni, na nyuma yake kabisa pako ndani, mahali pa wenyewe, penye zidaka ukutani. Yaani kila hatua ina mtu wake, na kila mlango una ruhusa yake. Kamera ya pande zote haijui kona ya tekani. Kazi iliyofanywa na fundi kwa mawe na chokaa, ikiisha picha moja, imeisha yote.

Kwa hivyo mwenye nyumba na aamue mapema, kabla mpiga picha hajafungua mkoba wake, ziara itaanzia wapi na itakomea wapi. Kwa rai yangu, nyumba inayokaliwa na watu ikomee sebuleni. Nyumba iliyo makumbusho, isiyo na mkaazi, yaweza kuonyeshwa yote, na hata hapo yafaa maneno ya kumweleza mgeni anatazama nini. Asije akapita katika nyumba ya kati, ambamo maiti alioshwa na mwana akazaliwa, akidhani ni stoo.

Likisha hilo, ndipo tushike ufagio. Kamera hii haina nyuma. Palipo nyuma ya mpiga picha papo mbele ya macho yake. Picha ya kawaida humruhusu mtu akasukuma vikorokoro vyote upande mmoja akapiga upande wa pili. Hii haikubali. Buibui wa kwenye boriti huonekana, na waya wa umeme, na kiraka cha sakafu. Kioo cha ukutani humtoa mpiga picha mwenyewe, au kamera na miguu yake mitatu. Pangaboi lizimwe na pazia lifungwe, kwani mara nyingi chumba kimoja hupigwa picha kadhaa, nyingine za giza na nyingine za mwangaza, zikaunganishwa ili dirisha lisiungue na pembe zisiwe kiza. Kitu kikitikisika baina ya picha hizo hutoka kama kivuli, na mtu aliyepita hutoka nusu mtu. Kiti nacho kisihamishwe baina ya chumba na chumba, la sivyo mgeni atakiona huku na huko, akadhani ana kizunguzungu. Kiwandani jua la adhuhuri ni kali mno. Asubuhi na alasiri kuta huonyesha nakshi zake vizuri zaidi.

Msikitini mambo ni hayo na zaidi. Waulizwe imamu na kamati. Kazi ifanywe kati ya sala na sala, asiwepo mtu ndani aliyesujudu naye hana habari. Miguu ya kamera ipanguswe kabla ya kutua juu ya mkeka. Ubao wa michango wenye majina ya watu na nambari zao za simu ufunikwe.

Hapa nataja na sheria ya nchi, kwani wako wasiosikia la adabu mpaka walisikie la faini. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yaihesabu sura ya mtu kuwa ni habari yake mwenyewe, isiyotangazwa bila idhini. Mwaka 2023 shule moja humu nchini ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi 4,000,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Basi picha ya marehemu babu ukutani, cheti cha mtoto, barua iliyo mezani na funguo zilizoning'inia, vyote na viondolewe. Mwizi naye ni mtazamaji.

La mwisho, na ndilo linalonikera zaidi, ni uongo. Nimehudhuria matayarisho ya nyumba moja ya kupangisha wageni, nikaona msala ukikunjwa na kutupwa stoo, mtungi wa maji ukitolewa, na mahali pake pakawekwa mito ya rangi na taa za shaba za madukani, ili nyumba ifanane na picha za Morocco. Ukuta ulioota unyevunyevu ukafunikwa na zulia. Mtume (s.a.w.) alimkemea mfanyabiashara aliyeficha nafaka iliyorowa chini ya iliyo kavu, na sioni tofauti ya nafaka ile na ukuta huu. Mgeni atalipa, atakuja, atalifunua zulia. Na hata asipokuja, mtoto wetu ataitazama picha ile akaamini kwamba hivyo ndivyo walivyokaa mababu zake. Nyumba isafishwe, isivishwe nguo ya kuazima. Mkeka wa ukindu, kiti cha mpingo kama kipo, dele na vikombe vyake, vyatosha.

Juu ya yote hayo, pawe na maandishi. Nani atamiliki picha, zitakaa mtandaoni muda gani, na mwenyewe akitaka ziondolewe atamwendea nani. Nyumba ikiuzwa, au mwenyewe akifariki, warithi wasikute mlango wao umeachwa wazi na mtu waliyekuwa hawamjui, wala hawana njia ya kuufunga.

Vijana wetu wenye ujuzi wa kamera hizi ni wengi, na riziki hii ni halali yao. Wao wamejua tekani ni nini kabla ya kujua kamera ni nini, na ndio wafaao kupewa kazi. Lakini na wao, kabla ya kuiwasha, wasimame dakani, wapige hodi tatu, na wakiambiwa rudini, warudi.