Chupa Inangoja, Kasiksi Haingoji

Ndugu wasikilizaji wa Walungu-centre, wa Mugogo, Burhale, Kaniola na Nzibira, na ninyi jamaa mlioacha nyumba zenu juu ya vita mkapokelewa hapa kwetu: leo sisomi habari. Leo natoa maoni, na mzigo wake naubeba mwenyewe. Nataka kusema juu ya nganda zetu ndogo, zile vibanda vya mbao na mabati ambako mtu anapata glasi ya kasiksi, kijiti cha nyama ya mbuzi, sahani ndogo ya sambaza ao makemba ya kuchoma na pilipili pembeni.

Kila mara usalama unapoharibika, ao vijana wanapopigana usiku, amri ya kwanza kusikika ni moja: «Fungeni nganda.» Viongozi wanabadilika, amri haibadiliki. Wengi wetu tunapiga makofi, tunasema vizuri, ulevi umezidi. Mimi nasema amri hiyo si ya haki, na tena haifanyi kazi inayosema inafanya. Inamwangusha yule mwenye kosa dogo na inamwacha yule mwenye kosa kubwa akae kimya akingoja mlango ufunguliwe.

Muniruhusu nieleze hesabu yake, maana wenye kutoa amri mara nyingi hawajawahi kutengeneza kasiksi.

Mama ananunua mikungu ya ndizi mbichi. Anaizika ndani ya shimo lenye kutandikwa majani ya mgomba na kupashwa moto, inakaa humo siku kadhaa mpaka iive. Halafu inamenywa, inakandwa na majani mpaka maji yatoke, yanachujwa, yanaongezwa maji safi. Mtama unakaangwa, unasagwa, unatiwa ndani. Yanafunikwa, yanachacha siku moja ao mbili. Ukihesabu toka shimo mpaka glasi, karibu juma zima limepita, pamoja na kuni, maji, mtama, na vijana wa kukanda wenye kulipwa. Na kisha kasiksi ikishaiva, inampa mama siku chache tu. Baada ya hapo inakuwa kali kama siki, hakuna mtu wa kuinywa.

Sasa amri inashuka: nganda zote zifungwe siku saba. Mwenye chupa anafanya nini? Anageuza ufunguo, anaenda kulala. Bia yake iko ndani ya kreti, kifuniko kimefungwa na kiwanda. Juma likiisha anafungua, anauza chupa zile zile, kwa bei ile ile. Mwenye kasiksi anafanya nini? Anamwaga. Anamwaga ndizi, mtama, kuni na juma lake zima la kazi. Na kama ndizi alizichukua kwa deni, anabaki na deni.

Amri moja, adhabu mbili. Chupa inangoja, kasiksi haingoji. Yeyote anayesema amri hiyo ni sawa kwa wote, hajatazama ndani ya bidoni.

Tena tuangalie ni nani mwenye bidoni hiyo. Si mimi wa kuwaambia ninyi wakimbizi wa ndani, mnajua zaidi yangu. Mtu aliyekimbia Kaniola ao Luntukulu hakubeba shamba kichwani. Amefika kwa jamaa mwenye nyumba ya vyumba viwili na watoto sita. Shamba la kulima hana, na la kukodi linaomba franga. Ng'ombe hana. Kilichobaki ni mikono yake na ujuzi aliopewa na mama yake: kutengeneza kasiksi, kukaanga sambaza, kupika sombe, kuchoma nyama. Sahani yake ndogo ndiyo bugali ya watoto jioni, ndiyo daftari, ndiyo dawa ya homa. Faida yake kidogo inaingia kwenye likelemba, na siku ya zamu yake analipa deni la ndizi.

Na ana haki ya kufanya kazi hiyo. Zamani Kodi ya Familia ya 1987 ilimtaka mwanamke mwenye bwana apate ruhusa ya bwana wake kabla ya kufanya biashara. Sheria ya mwezi wa 7 mwaka 2016 iliondoa sharti hilo. Wabunge Kinshasa walimwambia mama: fanya kazi. Halafu pale sokoni mama anakutana na mtu mwenye kijitabu cha risiti, kesho mwingine, kesho kutwa mwingine asiye na risiti hata moja, na jioni mwenye fimbo. Haki iliyoandikwa kwenye karatasi ya serikali inaishia mbele ya meza ya brosheti.

Sasa tupande gari twende Bukavu, maana huko ndiko tunajifunza mambo ya heshima.

Kule Ibanda, kwenye avenue Lumumba na kando ya ziwa, kuna terasi nzuri. Watu wanakaa jioni, wanaletewa mvinyo uliotoka Ufaransa ao Afrika ya Kusini, na sahani ndogo ya sambaza zenye ndimu. Wanaongea juu ya siasa, wanacheka, wanarudi nyumbani. Sina neno juu yao, nami nimeshakaa pale. Lakini sijawahi kusikia mtu akisema terasi ile ni kiota cha wahuni. Tunasema ni «mahali pa watu».

Sasa mvinyo ni nini? Ni maji ya zabibu yaliyochacha. Kasiksi ni nini? Ni maji ya ndizi yaliyochacha. Sambaza ni zile zile, samaki walioletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 wakapandikizwa katika ziwa Kivu. Tofauti ni kiti, glasi na viatu vya mnywaji. Wazee wetu waliijua tofauti hii mapema. Wakati wa Wabelgiji kulikuwa na vinywaji vya Mzungu ambavyo Mwafrika alikatazwa na sheria. Mzungu amefunga mizigo toka 1960, lakini desturi yake ya kupima kinywaji kwa hali ya mwenye kukinywa tumeiweka ndani ya nyumba zetu.

Najua wachungaji na wamama wa kanisa watanijibu, na jibu lao lina ukweli. Watasema: mwandishi, wewe hujalala katika nyumba ambamo baba amekunywa franga za maharagi. Watasema kuna wanaume wenye kuanza saa tatu za asubuhi, siku ya kazi, jembe limelala. Kuna bibi mwenye kupigwa. Kuna binti wa miaka 14 mwenye kupelekwa kupanga glasi usiku katikati ya wanaume. Yote hayo nayaona, na sitetei hata moja. Baba mwenye kunywa ada ya masomo ya watoto ni mwizi, na mwenye kumtuma mtoto kuhudumia walevi anapaswa kufikishwa mbele ya sheria.

Lakini tuulize: je, kufunga nganda kunaponya hayo? Ukifunga kibanda kilicho mbele ya barabara, kunywa kunahamia nyuma ya nyumba, gizani. Pale barabarani kuna jirani anayeona, kuna shefu anayepita, kuna mama anayesema «baba, leo yatosha, nenda kwako». Gizani hakuna jirani. Na zaidi ya yote, gizani hakuna sahani. Mtu mwenye kunywa akila, pombe inaingia mwilini polepole. Mwenye kunywa tumbo tupu analewa haraka. Nganda yenye chakula na nganda isiyo na chakula si kitu kimoja. Ya kwanza ni mahali pa kukaa, ya pili ni duka la ulevi.

Na ulevi wenyewe unatoka wapi zaidi? Hapa ndipo ninapowakasirikia wakubwa wetu. Kasiksi haina nguvu ya pombe kali. Lakini kanyanga na zile pombe kali za vifuko na vichupa vidogo, nyingi zinafika asilimia 40, mara kadhaa nguvu ya bia. Kanyanga inayopikwa ndani ya pipa bila kipimo inaweza kubeba aina ya sumu yenye kupofusha macho na kuua. Na kifuko kinaingia mfukoni mwa mwanafunzi, kinapita mlango wa masomo, kinanywewa chooni. Nionyesheni mwanafunzi aliyeficha kibuyu cha kasiksi ndani ya kaptura.

Lakini pombe hizo kali haziozi. Zinauzwa hata katika duka la sukari na sabuni, duka ambalo amri ya nganda hailigusi. Ndiyo sababu nasema amri inapiga pembeni. Tunamkimbiza mama mwenye glasi, tunampita mfanyabiashara mwenye katoni.

Majirani zetu walishaliona jambo hili. Tanzania ilipiga marufuku viroba, yaani pombe kali za vifuko, toka tarehe 1 mwezi wa 3 mwaka 2017. Uganda ikafuata mwaka 2019. Kenya, kwa sheria ya 2010, iliweka saa: siku za kazi baa zinafunguliwa saa kumi na moja za jioni, zinafungwa saa tano za usiku, na siku za mwisho wa juma zinaanza saa nane za mchana. Sisemi huko hakuna walevi, wako. Nasema huko sheria ilijaribu kutaja kitu chenyewe na saa yenyewe, haikusema tu «fungeni».

Kwetu hatari imeongezeka. Mwezi wa 6 mwaka 2025 kampuni ya Heineken, iliyokuwa na Bralima wakati huo, ilitangaza kwamba imepoteza usimamizi wa majengo yake Bukavu na Goma. Bia ya kiwanda inapokosekana ao inapopanda bei, watu hawaachi kunywa. Wanatafuta kingine. Kingine ni viwili tu: kasiksi ya mama, ao pombe kali ya kifuko. Ukimwaga kasiksi, umewasukuma watu kwenye kifuko. Amri ya kuzuia ulevi inageuka kuwa mtangazaji wa pombe kali, na tena bila kulipwa.

Na tusisahau franga zinakwenda wapi. Za kifuko zinapanda gari siku hiyo hiyo, hazirudi Walungu. Za kasiksi zinazunguka hapa: kwa mwenye mgomba, kwa kijana aliyekanda, kwa aliyechota maji, kwa muuza mtama, kwa mwenye mbuzi. Mwenye mgomba tayari ana maumivu yake, maana ugonjwa wa mnyauko umeharibu mashamba mengi ya Kivu. Mkulima anasikiliza shauri la mafundi wa kilimo, anakata shina lililougua, anasafisha panga lake kwa moto, anaokoa mikungu iliyobaki. Halafu juice ya mikungu hiyo ikimwagwa barabarani na mtu mwenye amri, tumemwambia nini mkulima huyo?

Kwa hiyo naomba mambo manne, na nayaomba kwa wote, aliyeko ofisini leo na atakayekuja kesho.

Kwanza, saa moja kwa wote. Siku za kazi nganda isifunguliwe mbele ya saa kumi za jioni, na Jumamosi isifunguliwe mpaka salongo iishe. Ya mabati hapa Mugogo na ya vioo kule mjini, zote sawa. Saa ya kufunga pia iwe moja, ijulikane, itangazwe redioni.

Pili, vifuko na vichupa vya pombe kali vitoke madukani. Anzieni kwa mwenye katoni, si kwa mwenye glasi. Na kanyanga isiyo na kipimo isiuzwe.

Tatu, mwenye kuuza kinywaji auze na chakula, na mtoto asihudumie. Anayevunja hilo afungiwe yeye, si mtaa mzima.

Nne, kodi moja yenye risiti moja. Na kama kweli usalama unalazimisha kufunga, basi mama wa kasiksi apewe siku mbili za kumaliza alichokwisha kutengeneza.

Na ninyi wanaume wenzangu, sitawaacha hivi hivi. Nganda si ofisi. Ukimaliza kazi, kunywa glasi yako, kula kijiti chako, lipa, wala usiseme «niandikie» kwa mama anayedaiwa ndizi. Deni lako la glasi tatu ndilo linalowalaza watoto wake njaa. Ukifika nyumbani fika na franga na mikono mitulivu, la sivyo unawapa nguvu wale wanaotaka kufunga, na siku hiyo sitakuwa na neno la kukutetea.

Wakubwa wetu, kabla ya kutia sahihi amri nyingine, jibuni swali moja tu mbele ya raia: kasiksi iliyokwisha kuiva leo, itakayomwagwa kesho, nani atailipa? Kama hakuna mwenye kulipa, basi amri hiyo haikufunga nganda. Imefunga jiko la watoto waliokwisha kukimbia vita mara moja.