Kovu Si Kosa la Kiwandani

Siku hizi Malinyi kila aliyeokota sarafu yenye kilema anajiona tajiri. Mia ya Nyerere iliyopondwa na gurudumu, mia mbili ya Karume iliyotobolewa msumari, hamsini ya Mwinyi iliyobabuka: zote zinapigwa picha na kurushwa WhatsApp kwa jina moja, "kosa la kiwandani", bei mamilioni. Nasema wazi, nyingi ni chakavu. Na anayekutaka umtumie kwanza hela ya "uthibitisho" ni mwizi, hata akivaa tai.

Sarafu huanza kama kidonge bapa kisicho na kitu. Kidonge kinakaa ndani ya pete, mihuri miwili inakikandamiza juu na chini. Kosa la kweli lazima litokee hapo au kabla yake. Yaliyobaki yote ni maisha. Muhuri ukipasuka, chuma huingia kwenye ufa na sarafu inatoka na mstari ulioinuka. Msumari huacha mfereji. Pitisha ukucha tu: umepanda au umezama? Kidonge kikiwa kimemegwa pembeni kabla ya kupigwa, mara nyingi ukingo wa upande wa pili nao huwa hafifu. Mwenye tupa hukata upande mmoja, hajui kama kuna wa pili wa kughushi.

Halafu kuna hii ya "madini tofauti", inayonichosha kuliko zote. Hamsini na mia zetu ni chuma kilichovikwa ganda la rangi ya dhahabu. Iache kwenye tope la jaruba misimu miwili, ganda linabanduka, weusi na kutu vinatokeza. Chukua sumaku ya spika mbovu: itainasa hiyo, na itainasa nzima iliyo mfukoni mwako vilevile. Hakuna siri.

Najua tamaa hii ina mizizi. Mahenge palikuwa na boma la Wajerumani, na simulizi za rupia zilizofukiwa hazijafa bonde zima. Neno hela lenyewe ni Heller ya Mjerumani. Lakini tazama sarafu zenyewe. Hela 10 na baadhi ya hela 5 za wakati ule zilikuwa na tundu katikati, na maandishi yamepangwa kulizunguka. Tundu la msumari hupita juu ya herufi bila adabu na kuacha kingo zilizochongoka. Tundu la kiwandani lililohama kando ndilo kosa. La shangazi aliyetaka kidani ni kidani.

Hata mwaka 1916, manowari za Waingereza zilipokuwa zimefunga pwani, Wajerumani walipiga hela 20 kwenye karakana ya reli huko Tabora, za shaba nyekundu na za njano. Ni sarafu za haraka, nyingine zina sura hafifu zilivyotoka tu kwenye mashine. Hapo uhafifu ni historia. Ila sarafu iliyochakaa hulika kwanza palipoinuka, na huteleza ukiigusa. Iliyopigwa vibaya inaweza kuwa hafifu sehemu moja huku sehemu nyingine herufi zake bado zikiwa kali. Mtu anayeuza bila kujua tofauti hiyo anauza maneno.

Na kama kweli umeipata moja, tafadhali, weka chini hilo limau na majivu. Ukiisugua ing'ae umeondoa ngozi ya juu, na mnunuzi anayejua kazi yake huanzia hapo kusoma.